Mgonjwa Kupona Si Ushahidi wa Dawa: Funzo la Newala na Masasi

Lipo neno moja la Kimakonde ambalo leo hutamkwa na madaktari wa Brazil, wa India, wa Ufaransa na wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Neno hilo ni chikungunya, na maana yake inahusu kujikunja na kujipinda. Wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde walilitumia kuuelezea ugonjwa uliowashukia mwaka 1952, kwa kuwa mgonjwa alipatwa na maumivu makali ya viungo hata akashindwa kujinyoosha. Vitabu kadhaa vya kigeni husema kwamba neno hili ni la Kiswahili. Sivyo; ni mali ya Wamakonde, na yafaa wapewe haki yao.

Hata hivyo neno hilo halikusafiri lenyewe. Lilichukuliwa na maandishi matatu ya kitaalamu. Mawili yalichapishwa London mwaka 1955, katika jarida la chama cha wataalamu wa tiba ya nchi za joto. La kwanza liliandikwa na Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akitibu katika hospitali ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi. La pili liliandikwa na W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa Entebbe, Uganda. La tatu, la R. W. Ross wa taasisi hiyohiyo, lilitoka mwaka 1956. Robinson alieleza dalili za ugonjwa, Lumsden alieleza jinsi ulivyoenea, na Ross alieleza kirusi chenyewe.

Ni rahisi kumsifu Ross peke yake, maana kukikamata kirusi kipya ni jambo kubwa, na jina lake hukumbukwa katika vitabu. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kama dawa fulani inatibu au haitibu, kazi ya Robinson ina uzito usiopungua ule wa kazi ya Ross. Sababu yake ni nyepesi kuitaja, ingawa ni ngumu kuikumbuka wakati wa shida: haiwezekani kujua dawa imefanya nini kabla ya kujua ugonjwa hufanya nini ukiachwa ushike njia yake. Kutokana na hayo hufuata jambo la pili, ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kulielewa kabla hajatoka shule ya sekondari: mgonjwa kupona baada ya kunywa dawa si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyomponya.

Ugonjwa ulivyoonekana

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu, ukitazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, kati ya vilima vya mawe. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga, hunywa mvua upesi, na chemchemi hupatikana chini mabondeni. Miaka ile watu walishuka bondeni kuteka maji, wakayapandisha, kisha wakayaweka akiba nyumbani katika mitungi na vyombo vingine. Maji hayo safi yaliyotulia ndiyo yapendwayo na mbu aitwaye Aedes aegypti, ambaye huishi karibu na watu na huuma mchana. Lumsden aliuona uhusiano huo baina ya maji ya akiba, mbu wa nyumbani na ugonjwa. Hoja yake haijachakaa. Mwaka 2004 chikungunya ilipozuka Lamu na Mombasa, nchini Kenya, ilizuka baada ya ukame, wakati watu walipokuwa wakitunza maji majumbani. Na uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 waliambukizwa.

Robinson, kwa upande wake, alifanya kazi ya subira. Aliandika jinsi maumivu yanavyoanza ghafla, jinsi viungo vinavyouma hata mgonjwa asiweze kusogea, jinsi homa inavyopanda kwa siku chache na kushuka, jinsi vipele vinavyotokea, na jinsi ambavyo maumivu ya viungo, kwa baadhi ya wagonjwa, yaliendelea kuja na kuondoka muda mrefu baada ya homa kwisha. Halikuwa jaribio la dawa, wala hakudai hivyo. Lilikuwa ni jambo linalotangulia jaribio lolote la dawa, yaani ramani ya safari ya ugonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ramani hiyo ilikuwa inahitajika sana. Mwaka 1823, na tena mwaka 1870, Zanzibar ilipatwa na ugonjwa ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa pili, aliuandikia, na kwa karibu miaka mia moja ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa homa ya dengi. Hata leo dengi huitwa kidingapopo kwa Kiswahili. Lakini mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey, akilinganisha maandishi ya zamani na yale ya kutoka Newala na Masasi, alitoa hoja kwamba milipuko ile ya Zanzibar inafanana zaidi na chikungunya, kwa sababu ya yale maumivu ya viungo yanayoganda. Maelezo makini ya mgonjwa wa Lulindi yalisaidia kusahihisha historia ya mgonjwa wa Unguja.

Sifa asiyostahili

Sasa na tuichukulie ramani hiyo kama kipimo. Mtu ameshikwa na homa ya chikungunya. Siku ya kwanza hawezi kuinuka. Siku ya pili hali ni ileile. Siku ya tatu jamaa zake wanatafuta dawa, iwe ya dukani, ya hospitali au ya mitishamba. Siku ya nne au ya tano homa inashuka. Nani atasifiwa? Bila shaka ni ile dawa ya siku ya tatu. Lakini homa ingeshuka siku hiyohiyo hata kama mgonjwa angepewa uji. Watu hutafuta dawa wakati ugonjwa umefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki mara nyingi ni ya kuteremka. Dawa inayotolewa wakati huo hupata sifa ambayo ni haki ya mwili wenyewe.

Jambo hili si la kubuni. Katika miaka ya 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitalini Moshi. Wagonjwa 60 na zaidi katika kila 100 walikuwa wameambiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya makini vilionyesha kwamba wenye malaria kweli hawakufika wawili katika kila 100. Miongoni mwa magonjwa yaliyofichika nyuma ya jina la malaria ilikuwamo chikungunya. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo mengine, ya watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara waliofika kutibiwa homa. Takribani watoto 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na wenye malaria walikuwa kama 10 tu katika kila 100.

Hebu msomaji afikiri maana ya hesabu hizo. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria katika Tanzania Bara, mpaka ilipoondolewa katika nafasi hiyo mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea. Ni watu wangapi waliomeza klorokwini kwa homa ambayo haikuwa malaria, wakapona kwa kuwa homa ile ilikuwa imefika mwisho wake, kisha wakawaeleza majirani kwamba klorokwini imewaponya? Idadi yao haiwezi kuwa ndogo. Kila mmoja wao alisema kweli kuhusu alichokiona, lakini alikosea kuhusu sababu yake.

Klorokwini kwenye mizani

Ilifika siku klorokwini ikawekwa kwenye mizani, tena kwa ugonjwa huuhuu wa Makonde. Mwaka 2005 na 2006 chikungunya ilifika kisiwa cha Réunion na kuwapata zaidi ya watu 260,000, yaani kama theluthi moja ya wakazi. Kulikuwa na sababu za kuitumainia klorokwini. Katika maabara, ndani ya chembe hai zilizooteshwa, dawa hiyo ilikizuia kirusi. Zaidi ya hayo, daktari mmoja wa Afrika Kusini alikuwa ameandika mwaka 1984 kwamba wagonjwa wachache wenye maumivu sugu ya viungo walipata nafuu walipoitumia; lakini hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo.

Xavier de Lamballerie na wenzake wakafanya jaribio. Wagonjwa 54 waligawanywa sawasawa kwa bahati nasibu: 27 walipewa klorokwini, na 27 walipewa kidonge tupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa sura lakini ndani yake hamna dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Muda wa homa na maumivu haukutofautiana baina ya makundi mawili. Kirusi hakikupungua damuni kwa kasi zaidi kwa waliopewa dawa. Tena, wagonjwa walipoulizwa baada ya siku 200, waliokunywa klorokwini ndio waliolalamika zaidi juu ya maumivu ya viungo. Uchunguzi wa baadaye katika kima, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba dawa hiyo inaweza kuichelewesha kinga ya mwili.

Nchini India, mwaka 2014, lilichapishwa jaribio jingine la wagonjwa 70 waliobakiwa na maumivu ya viungo baada ya chikungunya. Baadhi walipewa klorokwini, wengine dawa ya kawaida ya maumivu. Makundi yote mawili yalipata nafuu baada ya majuma 24, na klorokwini haikuonekana kuishinda dawa ile nyingine. Lau kama wangetazamwa waliopewa klorokwini peke yao, ingetangazwa kwamba dawa imepatikana.

Vijiwe vya figo

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la homa tu, au ni la watu wasiosoma. Hata madaktari bingwa wa nchi tajiri wamelifanya, na mfano mzuri ni ugonjwa wa vijiwe vya figo. Chumvi za mkojo zikigandamana ndani ya figo hufanya kijiwe. Kijiwe kikiingia katika mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu, mgonjwa hupata maumivu ambayo wengi husema hawajapata kuyaona mengine kama hayo. Lakini vijiwe vingi vidogo hutoka vyenyewe pamoja na mkojo.

Kwa miaka kadhaa madaktari walitoa dawa za kulegeza mrija huo, hasa tamsulosini na nifedipini, wakiamini kwamba zinasaidia kijiwe kutoka. Majaribio mengi madogo yalionyesha faida kubwa. Ndipo Robert Pickard na wenzake walipofanya jaribio kubwa katika hospitali 24 za Uingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 2015. Wagonjwa 1,167 waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Baada ya majuma manne, wagonjwa ambao hawakuhitaji matibabu zaidi walikuwa 81 katika kila 100 kwa tamsulosini, 80 kwa nifedipini, na 80 kwa kidonge tupu. Ile faida kubwa ilitoweka.

Habari haikuishia hapo, na yafaa isemwe yote. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio kubwa zaidi kutoka China, la wagonjwa 3,296 wenye vijiwe vilivyofika sehemu ya chini ya mrija. Huko tamsulosini ilionekana kusaidia kidogo: vijiwe vilitoka kwa wagonjwa 86 katika kila 100, vikilinganishwa na 79 kwa waliopewa kidonge tupu, na faida hiyo ilikuwa kwa wenye vijiwe vikubwa zaidi ya milimita 5. Maana yake ni kwamba swali la kisayansi si tu kama dawa inafaa, bali inamfaa nani, na kwa kiasi gani. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kusikiliza sifa. Hupatikana kwa kuhesabu waliopona na wasiopona, katika kila kundi.

Masharti ya jaribio la haki

Kutokana na mifano hii mtu anaweza kuyaorodhesha masharti ya jaribio la haki. Kwanza, liwepo kundi la kulinganishia. Pili, mgawanyo uwe wa bahati nasibu, ili daktari asiwapeleke wenye nguvu upande wa dawa na wanyonge upande wa pili. Tatu, inapowezekana, mgonjwa na mwenye kumpima wasijue nani kapewa nini, kwa maana tumaini hubadilisha ripoti ya maumivu. Nne, idadi ya wagonjwa itoshe. Tano, kinachopimwa kitajwe kabla ya jaribio kuanza. Sita, matokeo yachapishwe hata yakiwa ya kuvunja moyo.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba ni ukatili kumpa mgonjwa kidonge tupu. Pingamizi hili ni la heshima, nalo lina jibu. Ikiwa ipo dawa iliyokwisha kuthibitishwa, dawa mpya hulinganishwa na hiyo, si na kidonge tupu. Ikiwa haipo, basi hakuna ajuaye kama kidonge chenye dawa kina manufaa au madhara, na wagonjwa wa Réunion ni mashahidi. Ndiyo maana majaribio ya dawa katika Tanzania hayafanywi kienyeji: huhitaji idhini ya maadili, ambayo husimamiwa kitaifa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na pia huhitaji kibali cha mamlaka ya dawa.

Wengine huona kwamba mizani hii imebuniwa ili kuidharau miti shamba. La hasha. Klorokwini ni dawa ya kiwandani, nayo imepimwa ikaonekana haifai kwa chikungunya. Mizani haiulizi dawa imetoka porini au kiwandani. Kinachokataliwa ni ushuhuda kuchukua nafasi ya hesabu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa, na habari za waliopona zikatangulia mbele yao njiani. Walioona nafuu walirudi wakisimulia. Ambao hawakupona, au walioacha dawa zao za hospitali wakazidiwa, hawakuwa na la kusimulia. Na waliokufa hawakuweza. Masimulizi huwahesabu wa upande mmoja tu.

Zoezi la darasani

Somo hili laweza kufundishwa bila maabara. Mwalimu atie mfukoni punje 8 za mahindi na punje 2 za maharage. Punje ya mahindi ni mgonjwa aliyepona ndani ya juma moja. Ya maharage ni asiyepona. Kila mwanafunzi achukue punje moja bila kutazama, aandike, kisha airudishe kabla mwenzake hajachukua. Wanafunzi watano waitwe waliopewa dawa, na watano wengine waitwe wasiopewa. Dawa yenyewe haipo, na mfuko ni mmoja. Hata hivyo, mara nyingi kundi moja litalishinda jingine, na darasa litaanza kutafuta sababu.

Wanafunzi wa hesabu wanaweza kwenda mbele. Uwezekano wa wagonjwa wote watano kupona ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani 0.33 hivi. Kwa hiyo, katika kila waganga watatu wenye dawa isiyofanya lolote, mmoja atakuwa na haki ya kutangaza kwamba wagonjwa wake watano wa mwanzo walipona wote. Wagonjwa wakiwa 20, uwezekano wa kupona wote hushuka hadi 0.012 hivi, ambao ni karibu mara moja katika 87. Hapo ndipo mwanafunzi ataelewa kwa nini majaribio madogo ya vijiwe vya figo yaliweza kuwadanganya wataalamu, na kwa nini Pickard aliwatafuta wagonjwa zaidi ya elfu moja.

Deni kwa Wamakonde

Maandishi ya mwaka 1955 na 1956 yalitokana na miili ya watu wa Newala na Masasi. Walitoa maelezo ya maumivu yao, walitoa damu, na walitoa hata jina la ugonjwa. Dunia imezipokea zawadi hizo. Lakini maandishi yenyewe yako katika Kiingereza, katika majarida ambayo wanafunzi wengi wa sekondari za Newala na Masasi hawajapata kuyatia machoni. Mtoto wa Kimakonde anaweza kumaliza kidato cha nne akijua habari za Newton na tofaa lake, asijue kwamba kirusi kilichosumbua mabara yote yenye joto kilitambuliwa kwanza kutokana na wagonjwa wa kijijini kwao, wala kwamba daktari wa Lulindi, kwa kuandika tu alichokiona kwa utaratibu, aliacha kipimo ambacho dawa za baadaye zingeweza kupimiwa.

Deni hilo laweza kulipwa, na gharama yake si kubwa. Maandishi hayo yafasiriwe, yawekwe katika maktaba za shule za Mtwara na Lindi, na yafundishwe katika masomo ya baiolojia na ya hesabu. Waganga na wauguzi wa vituo vidogo wahimizwe kuandika safari ya kila ugonjwa wanaouona: ulianza siku gani, nani alipewa nini, nani hakupewa, na kila mmoja aliishiaje. Watakaofanya hivyo hawatakuwa wanajaza madaftari tu. Mlipuko mwingine wa homa utakapokuja, na dawa nyingi zikaanza kusifiwa kwa mpigo, madaftari hayo ndiyo yatakayoonyesha ni ipi kati yake iliyofanya kazi.